Kibati cha Injini Iliyozama

Masinde, mume wa shangazi yetu Nanyama, hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Alikuwa Mbukusu wa Kimilili aliyekwenda Kampala kufunga injini za ndege, na katika miaka ile ya utawala wa jeshi aliogopa askari tu, kama kila mtu mwenye akili zake. Asubuhi hiyo alikunywa chai kwa mihogo, akamuaga binti yake Nabalayo, akaenda karakanani karibu na Katwe akipiga mluzi.

Alikuta injini mbili sakafuni. Moja alikuwa ameifumua na kuifunga upya yeye mwenyewe, kwa pistoni na silinda mpya, ila ililetwa kwa magendo bila kibati. Kibati ni kile kipande cha chuma chenye namba, na ndicho jina la injini. Badilisha ndani utakavyo, injini ni ileile maadamu kibati hakijang'oka. Ya pili ilikuwa imeopolewa ziwani upande wa Port Bell, imejaa matope. Hiyo Masinde aliijua. Ilizama pamoja na ndege na rafiki yake Okot, fundi mwenzake, na maiti yake haikuonekana.

"Wewe toa kibati kwa hii, tia kwa ile," alisema taratibu kapteni wa jeshi, rubani aliyesimamia karakana. "Ndege haikuanguka. Umesikia? Jumamosi mimi narusha."

"Na Okot, afande?"

"Okot alitoroka. Hata mama yake tumeambia hivyo."

Roho ilimuuma Masinde. Kwao, jina la aliyekufa vibaya na hajazikwa halirithishwi. Lakini ungemwambia nini mwenye bunduki? Akang'oa kibati, akakipigilia kwenye injini mpya kwa ribiti nne, zile pini za chuma zenye vichwa vya mviringo, moja kila pembe. Kilichomtisha zaidi ni desturi ya karakana: fundi aliyefunga injini ndiye anayepanda na rubani siku ya majaribio. Okot alikufa kwa desturi hiyohiyo.

Mchana wenzake walitoka kwenda kula posho na maharagwe. Akabaki peke yake. Ndipo akasikia kugongwa. Mara moja. Kisha mara mbili. Okot alikuwa na mazoea ya kugonga silinda hivyo kwa spana kabla ya kumaliza kazi. Masinde akatega sikio kwenye injini mpya. Kimya. Akainua kichwa. Ikagonga. Chini yake maji yalikuwa yakidondoka, na ile ni injini ya kupozwa kwa upepo. Akayagusa, akayanusa. Yalinuka ziwa.

Nyumbani alimnong'oneza Nanyama, aliyekuwa karibu kujifungua.

"Baba Nabalayo, huyo analilia jina," Nanyama alisema. "Mtoto akilia hivyo si tunamtajia majina ya wafu mpaka anyamaze?"

"Ile ni injini, mama."

"Na nani ameipa jina la marehemu?"

Kesho yake, wenzake walipokwenda kula, aliiinamia injini mpya. Akamtaja babu yake. Ikagonga. Akamtaja mjomba wake. Ikagonga.

"Okot," akanong'ona.

Ikanyamaza. Hapo Masinde akajua amekosea. Mtoto akinyamaza, jina limekubaliwa, na aliyeitwa amekaribishwa nyumbani kwa aliyemwita.

Jumamosi, kiwanja cha ndege cha Kololo. Masinde alipanda ndege iliyofungwa injini ile. Kapteni akawasha. Injini ikakohoa, ikazima. Akarudia. Ikazima.

"Shuka," kapteni akasema. "Wewe iko na mkosi."

Akashuka. Injini ikawaka papo hapo. Kapteni akacheka, akaruka peke yake kuelekea ziwani. Masinde alisimama akisikiliza. Mlio ukafifia. Kisha ukakatika.

Hakungoja kuulizwa. Alimchukua mkewe na Nabalayo, wakavuka mpaka wa Busia wakiwa na nguo walizovaa tu.

Kimilili akazaliwa mtoto wa kiume. Alilia. Hakunyonya. Wazee walimtajia ukoo mzima, waume kwa wake, akazidi kulia na kukonda. Masinde alikaa nje, ameziba masikio, akilijua jina moja ambalo halijatajwa. Nanyama akamfuata.

"Sema."

"Nikisema, atakaa."

"Usiposema, nitazika mtoto."

Akaingia. Akasema. Mtoto akanyamaza, akanyonya.

Huyo Okot ni binamu yangu, Mbukusu mwenye jina la Kiacholi, na tulimtania sana kwa hilo tulipokuwa wadogo. Akivua shati tuliacha. Kifuani ana makovu manne madogo ya mviringo, kila moja kwenye pembe yake, na alizaliwa nayo. Masinde aliyapima mara moja kwa rula yake ya kazi. Hakumwambia mtu kipimo, ila rula aliitupa chooni.