Firigisi ya Jumapili

Soko la Kibuye siku ya Jumapili halimhurumii mgeni. Mitumba imemwagwa chini, mafundi wa majiko wanagonga mabati, jua limekaa kichwani, na kila mtu anajua aendako isipokuwa wewe. Nakhumicha alisimama katikati ya njia, ndani ya gauni la kitenge la manjano, ndoo mpya mkono mmoja na simu mkono wa pili, akiigeuza ramani juu chini. Alikuwa na siku tatu tu Kisumu, mtu wa Kiminini kule Kitale, na njia ya kurudi chumbani kwake Nyalenda ilikuwa imempotea kabisa. Akamgusa begani mwanamume aliyempa mgongo.

"Samahani, Nyalenda ni upande gani?"

Mwanamume akageuka. Kilemba cha buluu, ndevu zilizochanwa vizuri, vidole vyenye grisi. Akamjibu kwa Kijaluo, harakaharaka, akielekeza kwa kidevu.

"Pole, mimi si Mjaluo," Nakhumicha akasema.

"Hata mimi," akasema yule bwana, na wote wawili wakaangua kicheko katikati ya watu waliokuwa wakiwasukuma wapite.

Huyo alikuwa Gurmit. Amezaliwa Kisumu, baba yake amezaliwa Kisumu, na familia yao ina duka la pampu za maji katikati ya mji. Alimbebea ile ndoo kwa miguu mpaka Nyalenda, na njia nzima hakunyamaza.

Kampuni moja ya maji ilikuwa imemwajiri Nakhumicha kwa miezi mitatu, apite nyumba kwa nyumba akiandika kila mita ilipo. Kwa mgeni hiyo kazi ni mtihani. Ramani inakuambia hapa ni Obunga, lakini haikuambii kwamba ukifika saa sita utaukuta moshi wa mgongo wazi, mifupa ya sangara inayokaangwa, wala kwamba ukikataa kipande hakuna atakayekuonyesha mita yake. Gurmit ndiye aliyemfundisha. Kila Jumamosi alasiri alimtembeza mtaa mmoja. Walipita Manyatta, ambako vichochoro vinajua vyenyewe vinakoishia. Wakapita Bandani, ndege zikishuka karibu na vichwa vyao. Kule Kaloleni alimwonyesha msikiti na nyumba za zamani, kule Kondele akamwonyesha mahali pa kuvukia barabara bila kugongwa. Dunga, ufukweni, walikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa wakala samaki wa ngege kwa mikono, na hapo ndipo Gurmit alipomtoa mwiba mdogo kidoleni, akasahau kuuachia mkono. Nakhumicha naye hakumkumbusha.

Jioni simu zilikuwa hazikomi.

"Mwenye mita, umekula?"

"Nimekula, Kalasinga wangu. Wewe?"

"Nakula nikikufikiria. Chakula kinapoa."

"Basi acha kufikiria, ukule! Ukikonda mama yako atasema nimekuroga."

Hapo Gurmit alicheka kidogo, akageuza mazungumzo. Nakhumicha hakulitia maanani.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, kampuni ikamwambia kuna kazi ya kudumu akiitaka, ila ajibu kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri. Kiminini nako kulikuwa na nafasi ya karani shuleni, na mama yake aliisifu kila alipopiga simu. Moyo wa Nakhumicha ulitaka Kisumu. Lakini hakuwa tayari kubaki kwa ajili ya mita. Alitaka kujua kama huyu mwanamume ni wake, au ni mtembezaji tu mwenye maneno matamu. Kwa mdomo aliona haya kuuliza, basi akaamua kuuliza kwa sufuria.

Alimwalika chakula cha mchana Jumapili. Akachinja jogoo wa kienyeji, akamchemsha taratibu mpaka mchuzi ukawa mzito, akasonga ugali wa wimbi. Gurmit alifika na shati jeupe lililopigwa pasi, na nyuma yake mzee Opondo, fundi mkuu wa dukani, mtu aliyemfundisha kufungua pampu akiwa bado mtoto wa shule. Nakhumicha alishtuka kidogo kumwona mtu wa pili. Hakujua kwamba Gurmit aliona ni aibu kuingia peke yake kwa mwanamke anayempenda, kama mwizi. Alimleta mzee ili aonekane ana nia.

Nakhumicha akapakua. Firigisi akaichukua kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka katika sahani ya Gurmit. Kwao, kwa Wabukusu, mwanamke hampi firigisi mwanamume yeyote tu. Anampa mwenye nyumba yake.

Sasa, Gurmit aliijua mila hiyo, tatizo aliijua nusu. Tangu utotoni, kwenye nyumba za rafiki zake, ameona firigisi ikimwendea mwanamume mkubwa kuliko wote mezani. Akaona Nakhumicha amekosea kwa sababu ya ugeni. Akainua ile firigisi kwa heshima zote, akaiweka kwa jirani yake.

"Mzee, hii ni yako."

"Ero kamano, nyathina!" Opondo akashukuru, akaitafuna macho yamefumbwa.

Nakhumicha akainuka kwenda kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa pale mezani.

Jumatatu Gurmit alipiga simu mara nne kabla ya kujibiwa.

"Mpenzi, umeninyamazia."

"Nina kazi."

"Jana chakula kilikuwa kitamu sana."

"Najua. Mzee Opondo alikula vizuri."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Gurmit. Umenijibu."

Simu ikakatwa, na tangu hapo haikushikwa tena. Jumatano Gurmit alikwenda Usenge kutengeneza pampu ya wakulima wa mboga, kazi ya siku tatu, akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Alijiuliza swali gani alilolijibu, na lini, asilipate.

Jawabu lilipatikana jikoni kwa Opondo, asubuhi ya Ijumaa. Mzee alikuwa akimsimulia tena mkewe Winny, Mnyore wa Luanda, watu walio ndugu na Wabukusu, jinsi alivyoheshimiwa Jumapili. Winny akaacha kukoroga uji.

"Ngoja. Hiyo firigisi nani aliweka kwa sahani ya Gurmit?"

"Msichana mwenyewe."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Halafu kijana akanipatia mimi."

"Yawa, Opondo! Huyo msichana alikuwa anasema Gurmit ndiye mwenye nyumba. Na wewe umekula nyumba ya mwenyewe!"

Opondo akaitafuta simu bila kungoja uji.

Kule Usenge, Gurmit alisikiliza huku amechuchumaa kando ya pampu, na alipoelewa alijipiga kofi la kichwa mpaka kilemba kikaenda upande. Hata hivyo alikaa akamaliza kazi na kufunga bolti zote, kwa sababu watu wa Usenge nao wana mboga zao. Kisha akapanda pikipiki. Alipofika Kisian akasimama, akapiga simu, na safari hii ikashikwa.

"Uko wapi?"

"Kwa mita ya mwisho, karibu na bandari."

"Usiwajibu kampuni. Naomba unione kwanza."

"Ni saa kumi, Gurmit. Ikipita imepita."

Alimkuta saa tisa na nusu, ameketi kwenye ukuta mfupi, sare ya kampuni ikiwa imefifia kwa jua la miezi mitatu. Nyuma yake makreni ya bandari yalikuwa yamesimama tu. Gurmit alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka ndevuni.

"Sikujua," akasema. "Nilidhani ni ya mzee. Wallahi sikujua, Naku."

Nakhumicha akashuka kutoka ukutani. Hasira ilikuwa imeanza kuyeyuka, na chini yake akakuta kitu kigumu zaidi.

"Sawa, hukujua. Na ungejua, ungeila?"

Gurmit alitaka kusema ndiyo upesi, kama wanavyosema wanaume. Akajizuia.

"Ningeila," akasema. "Halafu ningeogopa kwenda nyumbani."

"Mama yako anajua mimi ni nani?"

"Anajua kuna mtu wa mita."

"Mtu wa mita." Nakhumicha akacheka bila furaha. "Umenitembeza mji mzima. Nimejua mpaka choo cha Kondele. Lakini Milimani, mtaa wenu, niliandika mita peke yangu, Gurmit. Mlango wa kwenu siujui. Nikae Kisumu nikiwa nani?"

Maneno hayo yalimwingia. Aliona haya, na aibu hiyo ilikuwa halali yake. Akaigeuza pikipiki.

"Panda," akasema.

"Wapi?"

"Kwetu."

Mama yake alikuwa barazani, shali nyeupe mabegani, akichambua dengu kwenye sinia. Aliwaona wakiingia, akaona vumbi la mwanawe, akaona mkono wa mwanawe ulivyoshikwa. Hakusimama.

"Mama," Gurmit akasema, "huyu ni Nakhumicha. Ndiye nimemchagua."

Mama akachagua kijiwe kimoja, akakitupa bustanini. Alizungumza Kiswahili cha Kisumu, yeye aliyezaliwa humohumo.

"Msichana, mimi sitakudanganya. Hii si kitu nilikuwa nangoja. Itanichukua siku, tena nyingi."

"Nimesikia, Mama."

"Lakini huyu nimemzaa, namjua. Leo ni mara ya kwanza analeta mtu hapa. Sasa niambie mimi ukweli, ndio nijue nianze ama nisianze. Wewe unakaa Kisumu ama unapita?"

Ilikuwa imebaki dakika kumi ifike saa kumi. Gurmit hakuthubutu kumtazama. Nakhumicha alifikiria Kiminini, akamfikiria mama yake mwenyewe na simu ngumu atakayompigia, na machozi yakamlengalenga.

"Nakaa, Mama. Kampuni wanangoja niwajibu kabla ya saa kumi."

Yule mama akamtazama, akasogeza sinia, akaacha nafasi kwenye benchi.

"Basi tuma hilo jibu lako la kazi, halafu unisaidie dengu. Macho yangu hayaoni mawe siku hizi."