Wakili na Mkalimani Wake

Ukumbi wa uwanja wa ndege ulifurika watu na kelele asubuhi ile safari ilipofutwa. Watoto walilia, masanduku yaligongana, na nyuma ya kaunta dada mmoja mwenye sare alirudia sentensi moja kama kasuku: "Rudini kesho." Mbele ya foleni alisimama bibi mmoja mgeni, shali begani, akisema lugha ambayo hakuna aliyeielewa ila mwanamume mmoja aliyekuwa nyuma nyuma, shati limekunjamana, begi mkononi.

Mwanamume huyo alikuwa mkalimani. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mikutano ya watu na kusema maneno yao kwa lugha za wengine. Alijipenyeza mpaka kwenye kaunta.

"Dada, bibi huyu anasema hana jamaa hapa, na hana pa kulala."

"Hata mimi ningependa kwenda kulala, kaka."

Hapo sauti ikatoka kando yake. "Mwambie bibi asibanduke hapo."

Mkalimani aligeuka. Alimwona mwanamke aliyevaa suti nyeusi iliyomkaa kama aliyezaliwa nayo, nywele zimefungwa kisogoni, miguuni raba za mazoezi. Viatu vyake vya visigino virefu vilichungulia kutoka mkobani. Alikuwa ameshika tiketi yake na kuigeuza nyuma, upande ule wa maandishi madogo ambayo hakuna binadamu anayeyasoma.

"Kipengele hiki," alimwambia dada wa kaunta kwa upole uliotisha, "kinasema mkifuta safari kwa hitilafu yenu, mnatulaza na mnatulisha. Sote."

"Mimi sikukiandika."

"Najua, mpenzi. Basi niitie aliyekiandika."

Aliitwa mkubwa, mkubwa naye akamwita mkubwa wake. Mwanamke yule hakupandisha sauti hata mara moja. Alisoma, akanyamaza, akangoja, na kila alipongoja ndipo wakubwa walipozidi kutoka jasho. Kabla ya chakula cha mchana foleni nzima ilikuwa ndani ya mabasi ikielekea hotelini. Bibi aliwashika wote wawili mikono, akasema maneno mengi huku akitabasamu. Mkalimani akaona haya.

"Anasemaje?" aliuliza mwanamke.

"Anakushukuru."

"Mbona amesema mengi kuliko hayo?"

"Anauliza... mimi na wewe tuna watoto wangapi."

Mwanamke alicheka mpaka watu wakageuka. "Mwambie bado tunajadiliana."

Mchana huo, kwenye viti vya sebule ya hoteli, vikombe vya chai vilipoa mbele yao wakizungumza.

"Wewe ni wakili," alisema mkalimani.

"Nilikuwa. Mpaka leo wananiita hivyo, nimechoka kukataa."

Akamsimulia. Alikuwa na ofisi ghorofa ya juu kabisa, na kazi ya kuandika mikataba ambayo kwayo kampuni moja humeza nyingine. Siku moja alitumwa nchi ya mbali kwenda kusainisha karatasi za kufunga kiwanda cha nyuzi. Alipofika alikuta wafanyakazi wamefagia sakafu, wamefuta mashine vumbi na kuzifunika kwa shuka.

"Walijua tunawafungia," alisema, "na bado walifagia. Nikajiuliza, hawa ndio nilioambiwa wamekata tamaa? Mbona waliokata tamaa ni sisi tunaosoma karatasi huko mbali?"

Alirudi akaacha kazi. Baba yake, hakimu mstaafu, alimnunia mwaka mzima: "Nimekusomesha sheria ukawe dalali?" Yeye akashika njia yake. Alirudi darasani kujifunza hesabu za biashara pamoja na vijana waliomwita mama. Kisha, na wenzake wachache, alizunguka kuomba mifuko ya wastaafu na watu wenye nazo wawakabidhi mitaji yao. Mitaji hiyo akaipeleka kule ambako benki kubwa huona giza: nchi zilizotoka vitani juzi, miji ambayo barabara zake bado zilikuwa na mashimo ya mabomu. Hununua sehemu ya kiwanda, hukaa na wenyewe kwa miaka wakikikuza, kisha huuza sehemu yake kwa faida na kuondoka.

"Huogopi?" aliuliza mkalimani.

"Naogopa sana. Siku nikiacha kuogopa nitaacha na kazi."

Mkalimani alibaki ameduwaa. Maishani mwake alikuwa amesema maneno ya marais na mabalozi, lakini hakuwa amewahi kukutana na mtu anayefanya jambo ambalo yeye angeogopa hata kulitafsiri.

Zikaanza simu.

"Uko wapi leo, malaika?"

"Mahali ambapo umeme umekatika na mwenye kiwanda ananiimbia ili nisiondoke. Na wewe, kipenzi?"

"Nimekaa kwenye kibanda cha vioo cha wakalimani. Kutwa nzima nimekuwa waziri wa kilimo."

"Basi mheshimiwa, nimekukumbuka mpaka naumwa."

Walionana kila alipopita mjini, na kila walipoachana mkalimani alitembea barabarani akitabasamu peke yake kama mwendawazimu. Dada yake mkubwa, mwalimu wa shule, alimtania siku moja huku akisahihisha madaftari: "Mwanamke huyo anapanda ndege kama sisi tunavyopanda ngazi. Sasa wewe, mdogo wangu, utamfikia wapi?" Yalikuwa maneno ya mzaha tu, lakini yalimkaa moyoni kama mwiba.

Siku moja Wakili alipiga simu sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Nimepata kiwanda cha maji ya dripu. Nchi nzima haina kingine. Mwenyewe ni mama mfamasia, hasemi lugha yoyote ninayoijua, na simwamini mkalimani mwingine. Unakuja?"

Alikwenda.

Mama Mfamasia alikuwa mtu mzima mwenye mvi, koti jeupe limepigwa pasi mpaka likaweka mistari. Aliwatembeza mwenyewe, meneja wake, mzee mmoja mpole, akifuata nyuma. Ukuta mmoja wa kiwanda ulikuwa na matundu ya risasi, lakini katikati ya chumba, ikimeta, ilisimama mashine ndefu ya kujazia chupa. Vita vilipoanza, alieleza, yeye na wafanyakazi wake waliifungua mashine ile skrubu kwa skrubu. Kila mmoja alibeba kipande chake nyumbani. Waliovilaza chini ya vitanda walivilaza, waliovifukia uani walivifukia. Wengine walikimbia nchi navyo mgongoni. Vita vilipokwisha, walirudi mmoja mmoja na vipande vyao.

"Vyote?" aliuliza Wakili.

"Vyote, ila gurudumu moja," alijibu mama. "Aliyelibeba hakurudi. Hilo tulilichonga upya, tukaandika jina lake juu."

Mkalimani alitafsiri. Wakili alisogea, akagusa gurudumu lile kwa ncha ya kidole. Halafu akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaanza kuuliza: maji yanatoka wapi, yanachemshwaje, nani anapima usafi wake. Alipanda ngazi ya chuma mpaka juu ya tangi akachungulia mwenyewe. Mkalimani alimfuata kwa macho kutoka chini, roho mkononi.

Walipokaa mezani, Mama Mfamasia alimtazama usoni. "Wenye suti wengi wamekuja hapa. Wewe utakaa?"

"Mama, sitakudanganya. Mtaji ni wa watu, nao watautaka urudi. Baada ya miaka kadhaa nitauza sehemu yangu niende zangu. Lakini siku nitakayoondoka, kiwanda hiki kitakuwa kinasimama bila kuniegemea mimi wala mtu yeyote."

Mkalimani alitafsiri, na machozi yakamlengalenga. Mama alimgeukia. "Mbona machozi, mwanangu? Maneno haya ni yake au ni yako?"

"Ni yake, mama."

"Basi mwambie nimekubali. Wote waliotangulia waliniahidi kukaa milele."

Asubuhi iliyofuata mkalimani alikwenda kumgongea Wakili washuke kunywa chai. Mlango ulikuwa wazi. Wakili alisimama kwenye roshani akiwa na gauni jepesi la kijani, amempa mgongo, simu sikioni.

"Ni mtu mzuri, sikatai," alikuwa akisema. "Ana moyo, na amenisaidia sana. Lakini amefika mwisho wake. Hawezi kufika ninakokwenda... Hapana, hajui bado. Nitamwambia mwenyewe, taratibu. Tutaachana kwa heshima."

Mkalimani hakungoja kusikia zaidi. Alirudi chumbani kwa kunyata kama mwizi, akafunga begi.

"Nimeitwa nyumbani," alimwambia baadaye, bila kumtazama. "Mambo ya familia."

"Kuna mgonjwa? Nikusindikize?"

"Baki na kazi yako."

Alipompa mkono wa kwaheri mkono wenyewe ulikuwa baridi kama chuma. Simu za Wakili zililia, hakupokea. Ujumbe ulikuja: *Nimekukosea nini, kipenzi?* Akajibu: *Nimechoka na safari.* Wakili naye alikuwa na kiburi chake. Hakuandika tena.

Miezi ikapita. Mkalimani aliendelea kuwa mawaziri na maprofesa ndani ya kibanda chake cha vioo, lakini moyo ulikuwa umelowa. Mwishowe dada yake alimbana mpaka akatapika yote.

"Alikutaja jina?" aliuliza dada.

"Hapana, lakini..."

"Ulimuuliza anamsema nani?"

"Sikumuuliza."

"Mungu wangu! Watu wanakulipa usikilize, na wewe umesikia nusu ukakimbia na begi?"

Alikuwa bado anajitetea ndani kwa ndani simu ilipolia siku hiyohiyo. Alikuwa Mama Mfamasia, kwa lugha yake.

"Mwanangu, umenitupa? Huyu wakili wako anazungumza nami kwa kitabu cha msamiati. Jana aliniambia mimi ni sufuria zuri. Nadhani alitaka kusema mama mwema." Alicheka, kisha akapoa. "Kesho lori la kwanza linatoka. Wenzake walitaka kujitoa katikati ya miezi hii, wakasema nchi hii haitabiriki. Aliwakatalia, akahamia hapa, analala chumba cha juu ya ghala. Na yule meneja wangu, shemeji yangu, mliyemkuta? Mzee mzuri, lakini kazi ilikuwa imemshinda. Nilidhani atamfukuza. Wapi! Alimweleza mwenyewe taratibu, akamfanyia karamu ya kumuaga, akampa kiti kwenye bodi. Waliachana kwa heshima kabisa."

Mkalimani alikaa chini sakafuni. Maneno yalikuwa yaleyale, ila yalimhusu mtu mwingine.

Alipanda ndege ya kwanza aliyoipata.

Alimkuta Wakili uani mwa kiwanda, kofia ya plastiki kichwani, buti za mpira miguuni, akihesabu makreti yakipanda lorini. Alikuwa amekonda. Alipomwona, mikono ilimshuka.

"Hatukuagiza mkalimani," alisema.

"Sikuja kutafsiri. Nimekuja kuomba radhi." Akamweleza yote pale pale, mlango, roshani, simu, bila kujipunguzia hata neno.

Wakili alimsikiliza hadi mwisho. Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikageuka hasira.

"Meneja! Nilikuwa namsema meneja kwa wenzangu! Mzee wa watu mwenye wajukuu! Na wewe ukaona ni wewe?"

"Niliona sikutoshi."

"Nani alikuambia unitoshe? Mimi ni suruali?" Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Nimewabembeleza wawekezaji peke yangu, nimeugua homa peke yangu, na kila jioni naitazama simu. Niondokee. La, usiniondokee. Ingia garini, lori linatoka."

Walilifuata lori kwa gari dogo, Mama Mfamasia mbele na dereva, wao wawili nyuma kila mmoja dirishani kwake. Watu walisimama kando ya barabara kulitazama. Kwenye lango la hospitali wauguzi walikuwa wamejipanga, na lilipoingia hawakupiga makofi. Walinyamaza tu, kama watu waliosimama mbele ya jambo kubwa.

Wodini, mama mmoja aliyejifungua alfajiri alilala amepauka, damu ikiwa imemwishia. Muuguzi alifungua kreti palepale, akatoa chupa, akaitundika. Tone la kwanza lilining'inia, likajaa, likaanguka. La pili likalifuata. Mkalimani alitazama chupa ile, akaona vipande vile vyote vilivyotembea usiku mgongoni mwa watu, gurudumu lenye jina, ngazi ya tangi, na mwanamke huyu aliyeacha ofisi ya ghorofani kwa sababu ya sakafu iliyofagiwa.  Alimgeukia Wakili, akaona machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta.

"Nilikuwa naiona kwenye makaratasi tu," alinong'ona Wakili. "Sikujua inadondoka polepole hivi."

Walitoka hadi ukumbini nje ya wodi. Matoroli yalipita, viatu vya wauguzi vikilia sakafuni.

"Nioe," alisema mkalimani, kisha akajishika kichwa. "Nimekosea. Nilitaka kusema niolewe. Yaani nikuoe. Nimesema maneno ya watu maisha yangu yote, ya kwangu yananishinda."

Wakili hakucheka. Alimtazama kama alivyotazama tangi lile, mpaka ndani.

"Ulinihukumu kwa simu moja. Mimi simu zangu ni nyingi. Utafanyaje?"

"Nitauliza."

"Kila mara?"

"Kila mara. Nitakuuliza mpaka nikuchoshe."

Muuguzi aliyesukuma toroli aliwapigia kelele wapishe njia. Walijibanza ukutani, na toroli lilipokwisha kupita Wakili hakusogea. Alikuwa amemshika mkono, vidole vyake bado vinanukia dawa ya kiwandani.

"Basi nichoshe," alisema.