Karafuu za Mbuke Hazikuota

Kila asubuhi Mbuke, mama yake Hosiana, alimwagilia kitalu kidogo nyuma ya jiko lake, kijijini Didia. Maji aliyachota mbali, lakini hakuyaonea uchungu.

Mumewe, Masalu, alikuwa Masumbwe akichimba dhahabu. Alipokuja mara ya mwisho, aliisifu sana chai ya viungo aliyokunywa huko kwa mama ntilie. Kisha akaondoka. Mbuke akabaki na maneno yale moyoni. Akanunua karafuu na mdalasini gulioni, akavipanda. Alitaka mumewe akirudi, akute viungo vimestawi nyumbani kwake.

Wiki zikapita. Hakikuota kitu.

Siku ya gulio akamwendea Mwamvua, muuza viungo aliyetoka Muheza.

"Dada Mwamvua, mbegu ulizoniuzia ni mbovu."

"Mbegu zipi, Mama Hosiana?"

"Karafuu. Na mdalasini."

Mwamvua hakumcheka. Akamsogezea kigoda.

"Zile si mbegu, ndugu yangu. Karafuu ni ua. Huchumwa kabla halijachanua, likaanikwa. Ua kavu halioti."

"Na mdalasini?"

"Ni gome la mti. Ukibandua gome la mwarobaini ukalifukia, litaota?"

Mbuke akainamisha kichwa.

"Pilipili manga hizi ni matunda madogo yaliyokaushwa," Mwamvua akaendelea. "Iliki nayo ni tunda, ila harufu imo kwenye mbegu za ndani."

"Basi mimi sina cha kupanda."

Mwamvua akachagua tangawizi mbichi, nene.

"Hii wengi huiita mzizi. Kumbe ni shina linalotambaa chini ya udongo. Unayaona macho haya? Hapo ndipo huchipua. Kata kipande chenye macho. Jaza kiroba udongo na samadi, ukipande humo, kisha kiroba ukiweke kivulini. Udongo uwe na unyevu, ila maji yasituame."

Mbuke akafanya hivyo. Chipukizi zikatokeza, majani yakarefuka. Masalu alipopiga simu, kila mara alisema, "Nakuja mwezi ujao, Mama Hosiana." Mbuke aliitikia, kisha akaenda kukaa karibu na viroba vyake.

Majani yalipokauka, akachimba. Tangawizi zilikuwa zimejaa.

Masalu akaja wakati wa mavuno ya mpunga. Alikunywa chai ya tangawizi, akaomba kikombe cha pili.

"Hii umeinunua wapi?"

"Nimeilima."

Siku ya kuondoka, Mbuke akamfungia kipande chenye macho.

"Kapande huko kambini. Utanikumbuka."

"Huchukua muda gani?"

"Kama miezi minane."

Masalu akakitazama kile kipande kiganjani. Kisha akainama penye kiroba kimoja kilichobaki na udongo tu, akakifukia humo.

"Huko sitaki kukaa miezi minane," alisema. "Nitarudi kabla hiki hakijakomaa, nikichimbe mwenyewe."

Akachukua begi lake. Mbuke akamsindikiza mpaka barabarani.