Mahali Ambapo Rosalind Hakuwahi Kufika

"Usikae huko, Thelma. Kaa upande huu, huko kuna upepo."

"Upepo uko kila mahali, Cedric. Tuko juu ya kilima."

"Basi kaa huku kwa ajili yangu."

Thelma akacheka, akasogea. Cedric akavua koti lake la mvua, akalitandaza kwenye egemeo la benchi, ndipo naye akaketi. Chini yao bonde lote lilikuwa limebadilika rangi, miti mingine kama kutu, mingine kama asali, na moshi wa mtu anayechoma majani makavu ulikuwa unapanda polepole kutoka kijijini.

"Chai?"

"Chai ndiyo. Na leo usininyime sandwichi ya yai."

"Nikunyime! Wiki iliyopita ulikula mbili."

"Nilikula moja na nusu. Hiyo nusu nyingine uliniibia nikiangalia ndege."

Thelma alikuwa mjane, mwenye wajukuu, lakini tangu Septemba alikuwa anajisikia kama msichana. Kila Jumamosi Cedric, mjane mwenzake, alikuja na gari lake dogo la kijani, akapiga honi mara moja tu, maana alikuwa mtu wa haya. Walikwenda kuchuma matunda meusi ya miiba kwenye njia za mashambani mpaka vidole vikawa vya zambarau. Walikwenda kuonja maji ya matufaa yanapokamuliwa. Walikwenda msituni kusikiliza kulungu madume wakinguruma kugombea majike. Walikula skonzi na malai kwenye mgahawa wa kando ya mto, mvua ikigonga madirisha. Marehemu mume wa Thelma alikuwa mtu wa kochi na mpira. Hakuwahi kumpeleka mkewe kuangalia hata jani moja likianguka.

"Yule dalali amenipigia tena," akasema Thelma. "Mnunuzi wa nyumba yangu anataka jibu Jumatatu."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia nitajibu nikishaulizwa na mtu fulani."

Cedric akaweka kikombe chini. Masikio yake yakawa mekundu.

"Mimi si mtu wa maneno, Thelma, unanijua. Iuze. Njoo kwangu. Tufunge ndoa kabla ya Krismasi."

Thelma akafungua mdomo ajibu, na hapo hapo mbwa mmoja mweusi, mwenye matope mpaka masikioni, akatokea na kupeleka pua yake moja kwa moja kwenye sandwichi. Nyuma yake alikuja mwanamke mwenye kofia ya sufu, anahema.

"Cedric! Si nilisema! Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, lazima yuko na Rosalind wake!"

"Hujambo, Bi Pargeter," akasema Cedric, kwa sauti kavu.

"Sijambo, baba. Benchi lako nimelipaka mafuta, umeona? Mbao zilianza kupasuka. Na kibao nimekisugua mpaka kinang'aa. Rosalind, maskini, hakupenda kitu kichafu." Akamgeukia Thelma akitabasamu. "Na wewe ni dada yake?"

"Hapana," akasema Thelma. "Mimi ni wa Jumamosi."

Bi Pargeter akatazama huyu, akatazama yule. Akasema mvua inakuja, ingawa haikuwa inakuja, akamvuta mbwa wake na kuteremka haraka.

Thelma akainuka. Akaliondoa lile koti. Kwenye egemeo, pale mgongo wa Cedric ulipokuwa siku zote, kulikuwa na kibao cha shaba: ROSALIND. ALIPAPENDA HAPA. Chini yake nafasi ya jina jingine, imeachwa wazi.

Mabenchi ya namna hiyo yamejaa huku kwetu. Mtu akifa, jamaa zake humwekea benchi pale alipopenda kukaa, na sisi wapita njia tunakalia marehemu wa watu bila kuwaza, tunakula na kumwaga chai. Thelma alikuwa amekalia mengi. Hakuna lililowahi kumchoma hivi.

"Nilijua una marehemu, Cedric. Na mimi ninaye wangu. Sikujua kwamba umenikalisha mapajani mwake."

"Nilitaka kukuambia."

"Lini? Baada ya harusi?"

"Nilikuwa natafuta nafasi nzuri."

"Na yale matunda ya miiba? Ile njia ya nyuma ya kanisa?"

Cedric akaliokota koti lake, akaanza kulikunja.

"Nakuuliza, bwana."

"Tulikuwa tunakwenda. Mwanzo wa Septemba."

"Matufaa?"

"Pia."

"Kulungu?"

"Thelma, tafadhali."

"Na mgahawa! Ndiyo maana yule binti aliniletea skonzi isiyo na zabibu kavu bila hata kuniuliza! Mimi nazipenda zabibu, Cedric! Nilikula ile skonzi kimya kimya, nikadhani ndiyo desturi ya pale!"

Kwa siku nyingine yoyote wangecheka. Cedric alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Sikuwa nakudanganya," akasema. "Maisha yangu yote nilijifunza kumfurahisha mwanamke mmoja. Hizo ndizo njia ninazozijua. Nilikuonyesha kila kitu kizuri nilicho nacho."

"Ulinionyesha vya kwake."

"Nikupeleke nyumbani?"

"Nitapanda basi."

Akashuka kilima peke yake, akishikilia kofia yake kwa mkono mmoja, na hakugeuka, kwa sababu angegeuka angerudi.

Jumatatu, Gwen, binti yake, akapiga simu.

"Mama, dalali ananisumbua mimi sasa. Kuna nini?"

"Mwambie asubiri."

"Atasubiri wiki hii tu. Mmegombana na mzee wako?"

"Hatukugombana. Ungesikia tulivyoongea, ungedhani tunapanga kwenda posta."

Akamweleza yote. Gwen akasikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mama, kosa lake ni lipi? Alimpenda mkewe. Ungependa mwanamume ambaye hakumpenda mkewe?"

"Huyo nimeshawahi kuwa naye."

Gwen akashusha sauti.

"Samahani, mama."

"Si kosa lako. Baba yako hakuwa mtu mbaya, alinipa wewe. Ila hakuwahi kuniangalia vile Cedric anavyoangalia lile bonde. Nikadhani safari hii ni zamu yangu, Gwen. Nataka mtu aniangalie mimi, na aone mimi. Nikikosa hilo, nabaki na nyumba yangu na paka."

"Paka alikufa, mama."

"Basi nabaki na nyumba."

Ijumaa jioni ikaingia meseji. Cedric alikuwa mzito wa kuandika kwenye simu, na meseji zake zilikuwa kama tangazo la serikali.

"Thelma. Nimezunguka wiki nzima. Nimepata mahali ambapo sikuwahi kwenda na Rosalind. Si pazuri. Tafadhali. Cedric."

Thelma akaisoma akiwa amesimama jikoni, akaisoma tena akiwa ameketi.

"Pabaya kiasi gani?" akaandika.

"Pabaya sana."

"Navaa gambuti."

Na kesho yake, kweli palikuwa pabaya. Lilikuwa shamba la viazisukari nyuma ya mabanda ya kuku, tambarare, la kijivu, na nguzo kubwa za umeme zikilia juu ya vichwa. Trekta zilikuwa zimekwisha kupita, zikaacha tope hadi magotini. Ukungu ulificha hata kile kidogo cha kutazama. Harufu ya kuku ilikuja kwa awamu.

"Mungu wangu, Cedric," akasema Thelma, ameziba pua. "Uliwezaje kupapata?"

"Kwa bidii. Wilaya nzima tuliimaliza mimi na yeye. Hapa tu ndipo alipokataa. Nilitaka kupita njia ya mkato siku moja, akaniambia nikipita humu atashuka kwenye gari."

"Alikuwa na akili."

"Alikuwa nayo."

Lilikuwa jambo dogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza Cedric kumtaja mkewe bila kuangalia chini. Thelma alilipenda hilo, akamshika mkono. Hapakuwa na pa kukaa, wakala wamesimama, kama farasi.

"Nina zabibu kavu," akasema Cedric, akatoa mfuko mzima wa karatasi kutoka kwenye koti. "Nimenunua dukani. Sikujua zinaliwa na nini."

"Zinaliwa na mkono, mzee." Thelma akachota chache, akazitia mdomoni. "Cedric, yaani umezunguka wiki nzima kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako. Nani mwingine angekuja huku?"

Jibu la ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. Alitaka tu amalize kutafuna. Cedric akapiga hatua moja kumkaribia, mguu ukatoka, gambuti likabaki kwenye tope. Akasimama kwa mguu mmoja na soksi yake yenye tundu, akapunga mikono kama bata, kisha akakaa chini, puu, ndani ya tope mpaka kiunoni, huku sandwichi ya yai ameinyanyua juu ya kichwa, salama kabisa.

"Sandwichi nimeiokoa!" akapiga kelele.

Thelma akacheka mpaka akashika mbavu. Akajaribu kumvuta, naye akapiga magoti kwenye tope. Cedric alikuwa anacheka kama mtoto, machozi yanamtiririka, uso wote umefunguka. Thelma hakuwahi kumwona hivyo, hata siku moja, katika sehemu zile zote nzuri.

"Ee Mungu!" akasema Cedric, akijifuta macho. "Rosalind hataamini nikimwambia!"

Kicheko cha Thelma kikaisha kwanza. Cha Cedric kikaendelea kidogo, mpaka naye akakisikia alichokisema.

Nguzo za umeme ziliendelea kulia.

"Thelma."

"Nimesikia."

"Imenitoka tu. Ni ulimi."

"Si ulimi, mpenzi. Hukukosea jina. Ulifurahi, na furaha ikakimbilia nyumbani kwake."

"Nitaacha. Nipe muda."

"Wa kufanya nini? Wa kumsahau? Ungeweza kumsahau, nisingekupenda."

Cedric akaitazama sandwichi mkononi kana kwamba hajui imefikaje pale. Sasa alikuwa analia kweli, bila kujificha, na Thelma akampangusa matope shavuni kwa ncha ya skafu yake, taratibu, kama mtu anayesafisha kitu cha kuvunjika.

"Kwa hiyo ni hapana," akasema Cedric.

"Ni hapana. Nyumba yangu siuzi."

"Hata kama nakupenda?"

"Unanipenda. Hilo nimelijua leo, hapa kwenye mavi ya kuku, na nitalishika. Lakini wewe bado ni mume wa mtu, Cedric. Mimi nilishaishi maisha mazima na mwanamume ambaye moyo wake uko chumba kingine. Sirudii."

Wakarudi garini wakiwa wameshikana, kwa sababu ya tope, na pia kwa sababu hawakutaka kuachana. Njiani majani yalikuwa yanaanguka juu ya kioo cha mbele na Cedric anayafuta moja moja.

Mbele ya geti lake Thelma hakushuka mara moja.

"Unakwenda nyumbani?" akauliza.

"Sijui niende wapi."

"Bado kuna mwanga. Panda kilimani ukamwambie."

Cedric akamgeukia.

"Mwambie yote. Mwambie ulivyokalia tope. Mwambie alikuwa sahihi kukataa njia ile. Mwambie kuna mwanamke alicheka mpaka akapiga magoti." Akafungua mlango, akashusha mguu mmoja. "Ila nikiingia ndani humo nitalia, Cedric. Hilo usimwambie. Hilo ni langu."