Kijiko cha Umuhire

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Umuhire alikimbilia darasani kuchungulia sahani zake za mbegu za lengalenga, yaani mchicha. Alitaka kujua sabuni ya unga inadhuru mimea kiasi gani, maana jirani zake wa Keshero humwaga maji ya kufulia bustanini. Na ajabu! Katika maji matupu ziliota mbegu kumi na tisa kati ya ishirini. Katika maji yenye kijiko kimoja cha sabuni ziliota tatu tu.

"Jaribio likithibitika, utalipeleka Rumangabo kwenye maonyesho ya shule," alisema Mwalimu Léopold. "Lakini kwanza mwenzako Aubin alirudie, akifuata daftari lako tu."

Siku ya tano Aubin alihesabu mbegu zilizoota kwenye sabuni. Kumi na mbili! Umuhire aliona safari ya Rumangabo ndiyo hiyo inapotea.

"Niandike tatu," Aubin alinong'ona. "Nani atajua?"

Jamani, Umuhire alitamani! Lakini alitikisa kichwa. "Umehesabu kumi na mbili, andika kumi na mbili. Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu aliwaambia wapime tena mbele yake. Aubin alichota sabuni, akaisawazisha kwa rula. Umuhire alichota kijiko kikafurika, kisha akaongeza kidogo kwa vidole.

"Hicho ulichoongeza ni nini?"

"Matabishi, Mwalimu."

Mwalimu Léopold alicheka mpaka akavua miwani. Mama yake Umuhire anauza sabuni sokoni, na huko mteja haondoki bila nyongeza yake. Mkono wa binti ulishazoea.

"Na daftarini uliandika matabishi?"

"Niliandika kijiko kimoja tu." Umuhire alishika mdomo. "Yesu wangu! Kumbe ni mimi!"

Aliandika upya: kijiko cha chai, kilichosawazishwa kwa rula, kwa lita moja ya maji. Safari hii walipima watatu, Mwalimu naye akiwemo, kila mmoja peke yake. Siku ya tano wakahesabu: kumi na mbili, kumi na moja, kumi na mbili. Darasa zima lilipiga vigelegele.

"Na Rumangabo, Mwalimu?" Umuhire aliuliza, roho juu.

"Mtakwenda wote wawili. Lakini kule hutashika kijiko. Utampa daftari mwanafunzi asiyekujua, nawe utanyamaza. Mteja mpe matabishi, mwanangu, ila jaribio lipimie sawasawa. Andika kila unachofanya, hata kile mkono unachofanya bila kufikiri. Na hesabu zikikukatalia, usizibadilishe, tafuta sababu. Mgeni akifuata daftari lako akaona ulichoona wewe, hapo ndipo watu wataamini."