Kioo Kilichotoka Kinamasini

Ijumaa ile nilikuwa na kazi ndogo tu: kuichukua ndege ya Vern shambani kwake na kuifikisha uwanja wa Wirrabee, ambako maonyesho yangeanza kesho yake asubuhi. Dakika kumi na tano hewani. Nilimwambia mume wangu asile kabla sijarudi.

Naitwa Gwenda Pascoe. Kwa miaka ishirini na mbili nimenyunyizia dawa mashamba ya ngano kwa ndege, na mwisho wa wiki hurusha ndege za vita za zamani mbele ya watu. Ndege hizi zinaua. Nimezika marafiki watatu. Injini ina umri mkubwa kuliko mama yangu, na ikizimika uko chini karibu na miti, huna pa kwenda. Lakini ukishausikia muungurumo ule ukikupita kifuani, ukishawaona wazee wamesimama uzioni, kofia mkononi, wanalia bila aibu... huachi. Mimi sikuacha.

Hii ilikuwa Kittyhawk, ndege ya vita ya kiti kimoja, ya mwaka 1943. Vern Hallam, mgane wa miaka sabini na minne, aliitoa kwenye kinamasi kule Papua ikiwa vipande vipande, akaiunda upya bandani kwake kwa miaka kumi na tisa. Mkewe alifariki katikati ya kazi hiyo.

"Binti, usiniharibie rangi," aliniambia nilipopanda bawani.

"Mzee, nina miaka hamsini na moja. Binti gani?"

Hakucheka. Alikuwa akipapasa lile paa la kioo linaloteleza kumfunika rubani.

"Siku zote tumeirusha na kioo cha kuazima," akasema. "Hiki ndicho chake chenyewe. Nimemaliza kukinyoosha juzi."

"Kinateleza?"

"Jaribu."

Nikazungusha mkono wa chuma ulio pembeni ya kiti. Kikafunga. Nikazungusha tena. Kikafunguka. Mara mbili, bila shida. Basi nikajifunga mikanda, nikawasha, nikaondoka. Jua lilikuwa linagusa mashamba.

Dakika ya tano, nikasikia harufu.

Matope. Si mafuta, si moshi. Matope ya majani yaliyooza, ya maji yaliyotuama siku nyingi. Na sisi tulikuwa mwaka wa tatu wa ukame.

Kisha...

Ko. Ko. Ko.

Nyuma ya kichwa changu. Kwenye kioo.

Nikajiambia kuna kitu kimelegea. Rubani yeyote angejiambia hivyo. Nikatega sikio. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Kitu kilicholegea hakipumziki.

Nikageuza shingo kadiri mikanda ilivyoruhusu. Nyuma ya kiti hakuna nafasi ya mtu, hata paka hakai. Lakini pale kwenye kioo palikuwa na ukungu mdogo, duara, kama mtu amepumulia. Ukafifia.

Ukarudi.

Nikataka hewa. Nikashika mkono wa kufungulia kioo, nikazungusha. Haukusogea. Nikautia nguvu zote. Haukusogea hata unywele. Ipo kamba nyekundu ya dharura inayong'oa kioo kizima ukitaka kuruka na mwavuli. Nikaivuta. Ikaja mkononi mwangu, yote, laini kama uzi uliooza.

Hapo ndipo miguu ilipopata baridi.

Nikatazama chini. Maji meusi yalikuwa yamefunika vifundo vya miguu yangu. Nilipoinamisha ndege kukata kona kuelekea Wirrabee, hayakuchezacheza. Yalitulia, kama maji ya ndege isiyokwenda popote.

Ndani ya vipokea sauti, mtu akanong'ona. Kijana. Lafudhi ya kwetu kabisa.

"Usichoke kugonga... wakisikia watakuja."

Sijui niliitua vipi ndege ile. Nakumbuka magurudumu yakigusa, nakumbuka propela ikisimama, na ule ukimya baada yake. Maji yalikuwa magotini.

Fundi wa uwanja, Nev, akaja akitembea pole pole, kikombe cha chai mkononi. Akapanda bawani, akagonga kioo kwa pete yake.

"Umepapenda hapo, mama? Tukuletee na godoro?"

"Fungua, Nev."

"Zungusha huo mkono."

"Nimezungusha. Fungua. Maji yananifika kiunoni."

Akaacha kutabasamu. Akachungulia mapajani mwangu, akanitazama usoni.

"Maji gani, Gwenda?"

Akaweka kikombe chini. Akavuta kwa mikono, akaita mwenzake, wakavuta wawili. Wakaleta mtaimbo. Ncha yake ikateleza tu. Maji yalifika kifuani, mazito, yakisukuma pumzi itoke. Nilikuwa natetemeka, na hao wawili walikuwa wanatokwa jasho umbali wa kiganja kutoka usoni pangu.

"Vunja," nikamwambia.

"Lazima nimuulize mwenye mali."

Akapiga simu, akaweka sauti ya juu. Nilimsikia Vern kupitia kioo, kwa mbali.

"Usivunje, Nev. Nakusihi. Hakuna kingine kama hicho duniani. Nipo njiani, nusu saa tu."

"Hana nusu saa. Nakwambia midomo imekuwa ya bluu."

"Ni woga huo. Ongea naye. Mwambie atulie."

Maji yakagusa kidevu. Nikainua uso, pua ikabaki kwenye upenyo wa vidole viwili chini ya paa. Nilikuwa nimeng'ang'ania ukingo wa kioo kwa mikono yote miwili, na Nev alikuwa akiiona mikono yangu, kwa sababu aliikodolea macho.

Ko. Ko. Ko.

"Nini hicho kinagonga?" Vern akauliza simuni.

Nev akasogeza simu karibu na kioo.

"Nev. Nani anagonga?"

"Sijui, Vern. Si yeye. Ni mara tatu, kisha kimya... mara tatu, kisha kimya."

Kisha Vern akasema, taratibu sana:

"Vunja. Vunja sasa hivi."

Pigo la tatu la shoka likapenya. Hewa ikaingia kwa mlio, na mimi nikatolewa kupitia tundu lile kama ndama anayezaliwa. Nilikuwa mkavu. Nywele kavu, viatu vikavu. Nilitapika bawani, na kilichotoka kilikuwa maji meusi.

Vern alifika giza likiingia. Hakuitazama ndege. Aliketi kando yangu kwenye benchi la jikoni pale uwanjani, akazungumza akiwa ameinama.

Kule Papua, mama mmoja aitwaye Vavine alimsimulia. Wakati wa vita alikuwa mtoto. Ndege ilianguka kwenye matete, ikazama kidogo kidogo, na kwa siku mbili kijiji kizima kilimsikia rubani akigonga. Wanaume walijaribu kumfuata. Matope yaliwameza hadi makwapani, wakarudi. Siku ya tatu kukawa kimya.

"Mifupa ilizikwa kwa heshima, na bendera," Vern akasema. "Lakini yule mama aliniambia, chuma chukueni chote, kioo kiacheni. Yumo bado. Nikaona ni maneno ya uzee." Akaitazama mikono yake. "Kilikuwa na mikwaruzo, Gwenda. Kwa ndani. Niliisugua mwenyewe kwa mkono, wiki tatu."

Kesho yake niliirusha. Ndiyo, mimi. Tulirudisha kile kioo cha kuazima na nikapita mbele ya watu elfu tisa, chini, jua mgongoni, na hakuna kilichonukia ila mafuta. Nilipotua, mwanamke mmoja mzee alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sijawahi kuruka vizuri vile.

Mwezi wa Julai Vern alisafiri hadi Papua na fremu ya kioo, imefungwa kwenye blanketi. Alipofika alinipigia. Nilikuwa nimeegesha gari nje ya duka, mvua inanyesha, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Vioo vyote vya gari nimevipandisha.

"Mama Vavine alishafariki," akasema. "Binti yake ndiye aliyeipokea fremu. Aliishika muda mrefu, akatega sikio. Halafu akaniuliza swali."

"Amekuuliza nini?"

"Amesema fremu ni tupu. Ameuliza rubani tumemwacha wapi." Simu ikakwaruza. "Gwenda... siku ile ulipotolewa mle ndani. Ulitoka peke yako?"

Nikamwambia nitampigia baadaye. Nikavuta kitasa cha mlango. Haukusogea.

Nikakivuta tena.