Nafasi ya Gocha Mezani

Siku ya kuamkia Pasaka, soko la Kutaisi, mji wa Georgia, lilifurika, pa kutia mguu hapakuonekana. Teona, koti jekundu mwilini na tope hadi vifundoni, alisimama mbele ya meza ya jibini akafumba macho. Muuzaji, Malkhazi, pande la mtu mwenye aproni nyeupe, alikuwa akikata jibini huku akiimba kwa sauti nzito.

“Dada, unanunua au umelala?”

“Nanunua sauti. Unauzaje?”

“Yangu haikatwi vipande. Uichukue nzima, na mwenyewe ndani.”

Teona alicheka, kisha akamweleza. Alifanya kazi katika nyumba inayohifadhi wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao.

“Tukiita mkutano, wanaume hawaji,” alisema. “Lakini arusini, mvinyo ukishamiminwa na nyimbo zikaanza, nani huondoka? Nina maneno ya wimbo. Sina waimbaji.”

“Yanasemaje?”

“Yanamwambia mume ashushe mkono.”

Malkhazi alikuna ndevu. “Na arusi ya pili tutaalikwa?”

“Mkiimba vizuri.”

Waliimba watatu: Malkhazi sauti nzito, mwenzao Shota ya kati, na Gocha, jirani na rafiki yake Malkhazi tangu utotoni, sauti ya kwanza. Sauti ya Gocha ilipopanda, vijiko vyote vilitulia. Kiangazi kizima wakaimba arusini na kwenye ubatizo. Wanaume wengine walitoka kuvuta sigara; wengine waliomba wimbo urudiwe. Na kila jioni simu ya Teona ililia, Malkhazi akipiga.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula. Wewe je?”

“Nashiba sauti yako.”

“Basi utakonda.”

Vuli ilipoingia, Khatuna, mke wa Gocha, alifika ofisini kwa Teona, shavu limevimba chini ya kitambaa cheusi.

“Wanaume wako wanaimba vizuri,” alisema. “Wangu huufanyia wimbo wenu mazoezi nyumbani, kisha hunipiga.”

Teona alimpokea. Khatuna alipomruhusu, alimpigia Malkhazi.

“Mmetenganishwa na ukuta mmoja. Ulikuwa husikii?”

“Nilisikia,” akasema Malkhazi. “Nilijiambia ni mambo ya mtu na mkewe.”

“Na kesho yake ukasimama naye kuimba?”

Teona akakata simu. Kesho yake alipita mtaa wa kina Gocha, akamwona Malkhazi mlangoni amemkumbatia Gocha. Hakuhitaji kuona zaidi. Simu zote za Malkhazi akaziacha zilie.

Wiki haikuisha, Khatuna alimletea chai.

“Unamnunia bure,” alisema. “Malkhazi alimwambia Gocha ana kwa ana kwamba anakwenda polisi kueleza aliyoyasikia. Gocha akampasua mdomo, kisha akamwangukia kifuani analia. Malkhazi akaenda vilevile. Neno langu peke yake polisi wasingelisikiliza.”

Teona hakuimaliza chai. Alimkuta Malkhazi sokoni, mdomo umeshonwa.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambiaje, na simu hupokei?”

“Ungekuja.”

“Niliona aibu, Teo. Nilichelewa sana kusikia.” Alijifuta mikono. “Lakini nakupenda. Nataka unioe, maana mimi kukuoa sijui kama nafaa.”

Teona aliuma midomo asicheke. “Jumapili mna arusi. Nitakuja nikusikie ukiimba bila yule. Kisha nitakujibu.”

Jumapili ile, Malkhazi na Shota walisimama wawili. Wimbo ulikwenda na pengo juu yake, kila mtu akalisikia. Msimamizi wa karamu akainua bilauri.

“Gocha yuko wapi? Anaumwa?”

“Hana nafasi kwetu,” alisema Malkhazi, “mpaka mkono wake uyajue maneno ya wimbo.”

Mzee mmoja aliinuka, akatoka. Wengine wakaangalia sahani zao. Kisha bwana arusi, kijana mwembamba mwenye tai iliyomkaba, akasimama, akamtazama mkewe, na kuishika sauti ya kwanza. Ilitetemeka, ikakosea mahali pawili. Aliendelea hadi mwisho.

Teona alipenya kati ya viti hadi kwa Malkhazi.

“Nakuoa,” alimnong’oneza. “Sasa kaa ule, umekonda.”